Raifo ya risasi moja: mtu wa visiwani aanzie wapi kuichagua

Silaha tatu zisizofanana hupiga risasi moja kisha zikanyamaza, na mkanganyo wa wengi wanaotaka bunduki ya kuwindia huanza pale zinapotiwa kapu moja. Ya kwanza ni gobore, linalojazwa baruti kwa mdomoni, likashindiliwa kwa mdeki na kuwashwa kwa fataki. Ya pili ni bunduki ya marisau ya mtutu mmoja, ile inayokunjwa katikati, ambayo wengi wanaijua kwa risasi zake za namba 12. Ya tatu ni raifo. Mitutu ya hizo mbili za mwanzo ni laini kwa ndani. Wa raifo umechongwa mifuo iliyojipinda kutoka nyuma hadi mdomoni, na risasi inayopita humo hutoka ikizunguka kwa kasi, ndiyo maana haiyumbi njiani. Raifo ya risasi moja ni hiyo hiyo, ila haina magazini: unatia risasi kwa mkono, unapiga, unatoa ganda, unatia nyingine.

Mchanganyiko huu haukuja bure. Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa mlango wa bunduki zilizoingia Afrika Mashariki, na mwaka 1877 Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alianza kumuundia Sayyid Barghash jeshi la mtindo wa Kizungu lenye silaha za kisasa za wakati ule. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao Sultani wa Zanzibar naye alikuwa miongoni mwa waliotia saini. Mkataba ule ulibana uingizaji wa silaha katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini, na kilichoachiwa kuuzwa kwa wenyeji ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida. Raifo zikabaki mikononi mwa askari na Wazungu. Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho, karibu na Rufiji, mwaka 1917, alitumia kwa miaka mingi raifo ya risasi moja ya mtindo wa Farquharson iliyotengenezwa na George Gibbs wa Bristol. Wasasi wetu wa Unguja walibakiwa na mbwa, nyavu, mikuki na magobore. Mpaka leo ukiwauliza habari za bunduki watakujibu kwa hesabu ya mita ishirini, na hesabu hiyo wanayo sahihi, kwa sababu ndiyo ardhi yao.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia. Wanunuzi wengi wanaanza na jina la kiwanda, wakaja kwenye namba ya risasi, na mwisho kabisa ndio wakafikiria watawindia wapi. Mpangilio unaofaa ni wa kinyume chake, na kwa mtu wa visiwani kinyume hicho kinaleta jibu ambalo muuza bunduki hatakupa.

Maweni hayataki raifo

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na pale ilipo pana kabisa haifiki kilomita 40. Risasi ya .308 (namba za namna hii ni kipenyo cha risasi kwa inchi, kwa kukadiria) ikipigwa juu juu na kukosa pa kuzama inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu. Hata ile ndogo ya .22, ambayo watu huidharau kwa kuwa inakaribia udogo wa mchezo wa watoto, huweza kufika kilomita moja na nusu. Sasa chukua ramani, uweke rula baina ya kijiji na kijiji kusini mwa kisiwa, uone ni wapi utakapopata nafasi ya kukosa bila ya kumfikia mtu.

Umbali ni nusu ya khatari. Nusu ya pili ni jiwe. Ardhi ya uwanda, kuanzia Makunduchi na Kizimkazi kupanda hadi Kiwengwa, ni matumbawe ya kale yaliyoganda, na udongo juu yake ni haba. Risasi inayogonga jiwe kwa pembe ndogo haizami. Inaruka, ikaelekea isikotarajiwa. Na hiyo .22, kwa kuwa risasi yake ni laini na mwendo wake ni wa pole, mara nyingi hairuki vipande bali huteleza ikiwa nzima na kuendelea na safari. Ongeza namna wasasi wanavyowinda: kundi linafukuza, kundi linangoja, mbwa katikati, kichaka kinaziba macho. Raifo katika mpangilio huo ni silaha inayompiga jirani.

Marisau madogo huishiwa nguvu ndani ya mita mia chache, na umbali wake wa kuua ni mita thalathini na tano, arubaini. Kwa vichaka vyetu hiyo ni sifa. Na wanyama wenyewe ni wadogo: paa chesi ni mnyama wa kilo nne mpaka sita. Paa nunga, mkubwa kidogo, asiulizwe bunduki yake kabisa. Duniani amebaki Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, na kumwinda ni kosa. Anayebaki kuwa na ukubwa wa kuzungumzwa ni nguruwe mwitu, anayefukua muhogo usiku. Huyo hawindwi kwa ajili ya kitoweo katika jamii yetu, huondoshwa shambani, na kwa hatua ishirini bunduki ya mtutu mmoja ya namba 12 inatosha na kubaki.

Liko pia suala la kuchinja, ambalo makala za bunduki za Marekani haziwezi kulijua. Masheikh wa zama za karibuni wamekhitilafiana kuhusu mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kufikiwa na kisu, na wengi wetu, kwa tahadhari, tunataka tumuwahi akiwa hai. Risasi ya raifo iendayo mita 850 kwa sekunde ikimpata paa wa kilo tano haikuachii cha kuwahi, na nyama yenyewe nusu imekuwa damu tupu.

Pemba hadithi ni fupi zaidi. Nje ya Ngezi na vijisitu vichache, kisiwa ni vilima vya mikarafuu na nyumba, bonde moja linatazama jengine. Raifo ya kuwindia pale haina kazi.

Kwa hiyo anayetaka raifo ya risasi moja akiwa Mzanzibari anainunua kwa ajili ya Bara, ambako leseni za uwindaji ziko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na kumiliki silaha yenyewe ni shughuli ya Jeshi la Polisi. Huko kuna mbuga wazi, swala pala wa kilo hamsini, ngiri, kongoni, na ukijaaliwa pofu. Mita mia na hamsini ni umbali wa kawaida. Maswali yanabadilika.

Kwa nini risasi moja wakati zipo za tano

Sababu ya kwanza ni urefu. Bunduki za komeo, ambalo unalivuta nyuma na kulisukuma mbele, zinahitaji nafasi ya komeo hilo kutembea. Risasi moja haihitaji. Ruger No. 1 yenye mtutu wa sentimita 66 ina urefu wa jumla unaolingana na bunduki ya komeo yenye mtutu wa sentimita 56. Unapata mtutu mrefu, na kwa hiyo kasi zaidi ya risasi, bila ya kubeba mlingoti.

Ya pili naithamini kuliko ya kwanza. Bunduki inayokunjwa ikiwa wazi, kila mtu aliye karibu anaiona kuwa haina risasi. Huna haja ya kuulizwa wala kuapa. Kwa watu wanaopanda gari moja, wanaoruka mitaro pamoja, hiyo inaokoa roho kuliko kufuli yoyote ya usalama.

Udhaifu wake haufichiki: risasi ya pili inachelewa. Mwenye mazoezi hushika risasi ya akiba baina ya vidole vya mkono wa kushoto na kupiga tena kwa sekunde chache, lakini sekunde chache kwa swala si sawa na sekunde chache kwa nyati aliyejeruhiwa. Watu wamewinda nyati kwa risasi moja, kweli, na mara nyingi pembeni yao alisimama mwindaji mtaalamu mwenye bunduki ya mitutu miwili. Anayesifia .375 ya risasi moja bila ya kumtaja huyo mwenzake anakuuzia nusu ya habari.

Mitambo

Mitambo ni ya aina nyingi lakini mnunuzi wa leo atakutana na miwili. Wa kwanza ni wa kukunja: unabonyeza kitasa, mtutu unainama kwenye bawaba, chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalokaa risasi, inafunguka. Ndio rahisi kutengeneza, kwa hiyo una bei za chini kabisa na za juu kabisa. Chini ziko kama Handi-Rifle za H&R wa Marekani, ambazo uzalishaji wake ulisimama mwaka 2015 lakini zilizotumika bado zinazunguka. Juu ziko za Kijerumani kama Blaser K95 na Merkel K1, nyepesi, hazifiki kilo tatu, zilizobuniwa kwa watu wa kupanda milima.

Wa pili ni wa bloku inayoteremka. Unavuta wenzo chini ya kifyatulio, kipande kizima cha chuma kinashuka wima na kufungua nyuma ya mtutu. Ukirudisha wenzo kinapanda na kuziba. John Farquharson wa Scotland alipata hataza ya mtambo wake mwaka 1872. John Browning aliupata wake mwaka 1879, na Winchester wakauuza kwa jina la Model 1885. Ruger No. 1, iliyotoka mwaka 1967, ilimfuata Farquharson. Nguvu ya mtambo huu ni kwamba bloku imekaa ndani ya kuta za chuma, haitegemei bawaba, kwa hiyo risasi zenye msukumo mkubwa haziulegezi kwa wepesi.

Mtambo wa Martini, uliotumika katika Martini-Henry ya jeshi la Uingereza kuanzia 1871, bado unaonekana kwenye .22 za zamani na kwenye bunduki za marisau za Greener GP. Ni imara, lakini kuufungua na kuusafisha unataka mtu anayeujua.

Baina ya miwili ya mwanzo, mimi ningechukua wa kukunja wenye nyundo ya nje, kwa ajili ya ile sababu ya kuonekana wazi. Anayetaka .375 achukue bloku.

Ukingo wa ganda

Hapa ndipo pana fundo lenyewe, na ndipo watu wanaposhauriana vibaya. Ganda la risasi lina namna mbili za kumalizikia nyuma. Baadhi yana ukingo uliotokeza nje, kama wa risasi za marisau. Mengine hayana ukingo wa nje, yamechongewa mfereji tu karibu na kitako, na kitako hicho hakizidi upana wa ganda lenyewe. Haya ya pili yalibuniwa kwa ajili ya bunduki za magazini, kwa sababu ukingo hukwama ukipandana na ukingo wa risasi ya chini yake.

Risasi moja haina magazini, kwa hiyo ukingo hauna madhara yoyote kwake na una faida mbili. Kwanza, ukingo ndio unaoizuia risasi isizame ndani ya chemba kupita kiasi. Pili, kipande kinacholitoa ganda kinapata pa kushika, pana, wakati wote. Ganda lisilo na ukingo linahitaji ulimi mdogo wenye springi unaoingia kwenye ule mfereji, na springi hiyo ikilegea au ikijaa vumbi na mafuta yaliyoganda, unakunjua bunduki na ganda linabaki ndani linakutazama. Ndiyo maana Wajerumani, wanaozipenda sana raifo hizi, walitoa toleo la ukingo kwa risasi zao: 7x57R ni ndugu wa 7x57, na 9,3x74R imekuwa chaguo la bunduki za kukunja kwa zaidi ya karne. Herufi R ndiyo alama ya ukingo. Kwa Wamarekani, .30-30 ya mwaka 1895 na .45-70 ya mwaka 1873 zote zina ukingo.

Kwa kanuni, basi, jibu ni risasi ya ukingo. Kwa maisha ya huku, jibu linapinda. Risasi zinazopatikana kwa wepesi zaidi Afrika Mashariki ni zile zinazotumiwa na watu wengi: .308, .30-06, .375 H&H. Zote tatu hazina ukingo. Ukinunua bunduki nzuri ya 7x57R utasifiwa na kila mjuzi, halafu utangoje risasi zake mpaka msimu upite. Ni bora ganda lisilo na ukingo lililopo dukani kuliko lenye ukingo lililopo Munich. Cha kufanya ni kuitazama ile springi ndogo kwa macho mawili kabla ya kulipa, na kuisafisha kila unaporudi.

Tuje kwenye namba. Kwa swala, ngiri na kongoni, .308 ya mwaka 1952 na .30-06 ya mwaka 1906 zinafanya kazi moja. Zote hupiga risasi za kipenyo kimoja, za gramu 10 mpaka 12. Ya zamani ina kasi kidogo zaidi na hupiga bega kidogo zaidi. Ndogo ya .243, yenye risasi ya gramu sita na nusu, ni tamu kwa swala na kwa mtu asiyependa kupigwa bega, lakini kwa kongoni inataka mlengaji asiyebahatisha. Kwa pofu .30-06 ndio mwanzo wa adabu. Wanyama hatari, kiwango cha chini kinachotambulika Bara ni .375, na nimeshasema ninavyoiona hiyo katika risasi moja.

Uzito uuangalie pamoja na namba. Wepesi unafurahisha dukani na unaumiza begani. Raifo ya .30-06 ya kilo mbili na nusu humfundisha mtu kufumba macho kabla ya kuvuta, na ugonjwa huo kuutibu ni kazi. Kilo tatu na nusu pamoja na darubini ni uzito wa haki. Darubini yenyewe isiwe kubwa, na iwekwe mbali na jicho kiasi cha vidole vinne. Wenye kovu la nusu duara juu ya nyusi ni wale waliosogea.

Jambo moja dogo la kulenga: bunduki za namna hii nyingi zina kipande cha ubao chini ya mtutu kilichofungwa kwenye mtutu wenyewe. Ukikiegemeza juu ya jiwe au ukakikaza kwa mkanda, mtutu unasukumwa na shabaha inapanda. Egemeza karibu na mtambo, weka mkono au mfuko wa mchanga kati.

Chumvi

Raifo inayolala Unguja inalala katika hewa ya chumvi mwaka mzima, hata kama kazi yake ni wiki mbili Bara. Chuma cheusi cha kawaida hushika kutu ndani ya siku chache za masika kikiachwa na alama za vidole. Chuma kisichoshika kutu ni ghali na kinastahili ghali yake. Kitako cha mti hunywa unyevu na kuvimba, kile cha plastiki hakijali. Uzuri wa mti naujua na bado ningechukua plastiki. Usiihifadhi ndani ya mkoba wake wa kitambaa au sponji, huo ndio unaokamata unyevu. Risasi moja ina fadhila hapa: unaifungua ukaona mtutu mzima kutoka nyuma, unapitisha kitambaa cha mafuta mara mbili, umemaliza.

Ukinunua iliyotumika, na wengi watanunua iliyotumika, ifunge ukiwa umeondoa kipande cha ubao cha mbele, kisha uutikise mtutu kwa mkono kulia na kushoto. Ukicheza hata chembe, bawaba imekwisha. Usikubali kuambiwa kwamba ubao ukirudishwa utakaza. Tazama ndani ya mtutu kwa tochi, mifuo iwe na kingo kali mpaka mdomoni, kwa maana mdomo ulioliwa na fimbo ya kusafishia unaharibu shabaha kuliko kutu ya kati. Vuta nyundo, bonyeza kidogo pembeni bila ya kugusa kifyatulio, isianguke. Na muuzaji akikupa mtutu wa pili wa namba nyengine kama zawadi, kwa kuwa bunduki za kukunja hukubali kubadilishwa mitutu, usiondoke nao kabla ya kuuliza polisi kama leseni yako inauhusu.